Maoni ya Wasikilizaji Kuhusu Albamu Iliyoingia Bila Hodi

Katika Jamhuri ya Mwafaka hakuna mtu aliyewahi kufungwa kwa sababu ya maoni yake. Hili lieleweke mapema, maana nchi jirani zina midomo. Mtu wa Mwafaka hufungwa kwa maoni ya wenzake, tena baada ya wenzake hao kualikwa kwa heshima, kukalishwa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, kupewa maji ya chupa na kuombwa kwa upole waseme kilichomo mioyoni mwao. Sheria yenyewe ina huruma kupita kiasi. Inasema kwamba wimbo, kitabu au mchoro ukitiliwa shaka, wananchi watasikilizwa, na akipatikana hata mmoja tu wa kuusema vizuri, mtuhumiwa ataachiwa papo hapo na kupewa nauli ya kurudi kwao.

Ajabu ni kwamba tangu sheria hiyo ipitishwe, hakuna aliyewahi kuiona hiyo nauli. Wataalamu wa wizara walifanya utafiti, wakazunguka mikoa yote na magari ya serikali, wakarudi na jibu kwamba wananchi wa Mwafaka hawapendani.

Bi Zaituni Kachenje, msusi wa mtaa wa Mabatini, aliuamini utafiti huo bila kuuliza. Kwani mtu anayeshinda amesimama akisuka vichwa vya watu, akisikia wanavyosemana, angeuaminije upendo wa binadamu? Aliendelea kuuamini mpaka siku walipomkamata mwanawe.

Mwana huyo aliitwa Mwombeki, lakini jukwaani alijiita Kokoto. Alikuwa na wenzake watatu na muziki ambao Mabatini hawakuwahi kuusikia, mchanganyiko wa metali na kufoka. Magitaa yalikoroma kama mashine ya kusaga iliyokosa grisi, ngoma zilipigwa kwa miguu yote miwili, na juu ya vurugu hilo kijana akafoka mashairi mbiombio kama anayekimbizwa, kisha bila taarifa akaacha kufoka na kutoa ukelele uliotoka chini ya kitovu. Albamu yao waliiita Bila Hodi. Ilikuwa na nyimbo chache, na hakuna hata mmoja uliomwacha msikilizaji alipomkuta.

Kosa la albamu halikuwa kelele. Mwafaka ni nchi ya kelele, kuna vipaza sauti juu ya kila nguzo vinavyowahimiza wananchi kutulia. Kosa lilikuwa mwanzo wake. Nyimbo zote za Mwafaka huanza kwa salamu. Wimbo wa mapenzi humtambua kwanza mkuu wa wilaya, na wimbo wa kubembeleza mtoto huwashukuru viongozi wa dini zote ndipo mtoto abembelezwe. Bila Hodi ilianza na ukelele. Ofisa wa Kitengo cha Usikivu aliyepewa kuikagua alivaa hedifoni zake, akabonyeza kitufe, na chai yote ikamwagikia suruali. Alipopata nafuu aliripoti kwamba kijana ameingia masikioni mwa wananchi bila kubisha, hakumtambua yeyote, na ametoka bila kushukuru. Jioni hiyohiyo Mwombeki alichukuliwa. Hakukamatwa, walieleza maofisa, ila anahifadhiwa ili uso wake usije ukaathiri maoni ya wasikilizaji.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Zaituni alilia siku nzima, kisha akaosha uso na kufikiri. Sheria ilitaka mtu mmoja tu. Katika mji mzima, angekosaje mtu mmoja?

Akaamua kuipiga albamu saluni. Yeye mwenyewe, tuseme ukweli, hakuipenda. Ilimuumiza kichwa na kumtetemesha mikono, na siku ya kwanza alimsuka mteja mistari iliyopinda, ikabidi afumue. Lakini kuna wimbo mmoja, wa nne, unaoitwa Utepe, ambao kila ulipofika aliacha kitana hewani na kusimama.

Utepe ulihusu zahanati ya Mabatini. Siku ya kuifungua, kila kitu kilikuwapo. Daktari alikuwapo, dawa zilikuwapo, vitanda vilikuwapo na nailoni zake. Mume wa Bi Zaituni, aliyekuwa na kifua kibovu, alizidiwa asubuhi hiyo, akabebwa mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, ila mbele yake palikuwa na utepe mwekundu, na utepe haukuwa umekatwa. Wakamkalisha kwenye kiti cha mbele, kivulini, wakamwambia mgeni rasmi yuko njiani. Mgeni rasmi alikuja, akapanda jukwaani, akaanza kuwatambua waliohudhuria. Alipofika kwa wawakilishi wa vyama vya ushirika, mzee Kachenje alikata roho mikononi mwa mwanawe. Mwombeki alipiga ukelele mmoja, wanawake wakamziba mdomo kwa kanga ili shughuli isiharibike. Mgeni rasmi alimaliza kuwatambua watu, akakata utepe, akawashukuru wafiwa kwa utulivu wao.

Kwa hiyo kwenye wimbo wa nne kijana alikuwa anarudia maneno yaleyale, mara anayafoka, mara anayapigia ukelele: kateni utepe, baba anakufa, kateni utepe. Hakukuwa na mengine.

Sasa wasikilizaji. Mwalimu Kitundu, mstaafu aliyekuwa akimsindikiza mkewe kusuka, aliuliza kwanza kama redio imeharibika. Alipoelezwa, akaomba irudiwe, na ulipofika Utepe akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alisema kwamba amehudhuria vikao vya walimu maisha yake yote akitamani mtu mmoja asimame apige ukelele kama ule, na hakujua kwamba inawezekana. Nesi Asteria wa wodi ya wazazi hakusema mengi. Alikuwa amechoka, kichwa chake kimelala kwenye magoti ya Bi Zaituni, na alisema tu kwamba huo ndio muziki pekee unaofanana na kazini kwake, kwa sababu kule pia hakuna anayeanza kwa salamu. Msafiri, mwenye bucha la jirani, alikuja kulalamika kuhusu makelele, akakaa mlangoni, na alipoondoka alikuwa akitikisa kichwa kufuata ngoma, shoka begani. Aliomba apewe nakala yake.

Wote watatu walikubali kwenda kusema. Bi Zaituni aliwashika mikono mmoja mmoja, akawaambia wasitafute maneno makubwa, waseme tu hayohayo waliyoyasema saluni. Moyo wake ukapata nafasi ya kupumua. Watafiti wa wizara, alijiambia, hawakuwahi kufika Mabatini.

Aliruhusiwa kumwona Mwombeki kabla ya shughuli. Kijana alimwamkia shikamoo kwa adabu ileile ya siku zote, akaulizia wateja, akaulizia mguu wa mama unaovimba. Hakuwa mtoto asiye na adabu, na jambo hilo lilimuuma Bi Zaituni kuliko kama angekuwa hana. Alimweleza habari njema ya wale mashahidi watatu. Mwombeki akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, unajua kwa nini hakuna aliyewahi kuachiwa?"

"Wanasema hatupendani."

"Tunapendana. Ila tunasalimia mpaka kengele inalia."

Bi Zaituni hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Kijana akamsogelea kidirishani, akamwomba jambo moja. Mama naye akijaliwa kupewa kipaza sauti, asimsalimu mtu. Aseme neno lake, akae.

"Mwanangu, mtu mzima hasimami mbele za watu akaanza tu kama aliyetoka usingizini."

"Mara moja tu, mama. Kwa ajili yangu."

Akaahidi. Na ni mtu wa ahadi, hilo Mabatini nzima inalijua.

Hapa inabidi msomaji wa nchi za mbali aelezwe kidogo. Zamani watu wa Mwafaka walikuwa na njia ya mkato. Mzungumzaji alisema "itifaki imezingatiwa", akaendelea na lake. Lakini viongozi wakagundua kwamba ndani ya maneno hayo mawili walikuwa wakimezwa wote kwa mkupuo, mkubwa na mdogo, kama dagaa. Njia hiyo ikapigwa marufuku. Tangu hapo kila kiongozi hutajwa kwa jina la cheo chake, kwa mpangilio, na wizara ikatoa dakika tatu kwa kila mwananchi, mpaka kengele ilie, ili azitumie kwa uhuru kamili.

Ukumbi wa Maoni ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Balozi Hilderiko Pangapanga, Waziri wa Usikivu na Maoni ya Wananchi, ambaye huko nyuma aliwahi kuwa waziri wa afya na kukata tepe nyingi, mojawapo ikiwa ile ya Mabatini. Bi Zaituni alimtambua kwa kidevu. Waziri hakumtambua mtu, isipokuwa waliopo kwenye ratiba.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "serikali yenu ina masikio. Masikio haya tumeyanunua kwa kodi zenu, na tunayafanyia matengenezo kila mwaka wa fedha. Wapo wanaosema tunaogopa maoni. Sisi? Tunaogopaje kitu tulichokijengea ukumbi?"

Makofi yakapigwa. Kisha ukaimbwa wimbo wa taifa, zikafuata dua na sala, ukafuata utambulisho wa meza kuu, kwaya ya wizara ikaimba kuhusu masikio ya Waziri, na mshairi akaghani kuhusu kwaya. Albamu ndiyo iliyokuwa imekuja kusikilizwa, lakini muda ulikuwa umekwenda, hivyo ukapigwa ukelele wa kwanza tu na mashine ikazimwa. Waziri alikuwa ameruka kitini. Alikunywa maji akasema tuendelee.

Mwalimu Kitundu aliitwa wa kwanza. Alipanda akiwa amenyoosha shati, akakohoa, akaanza vizuri kabisa. Alimsalimu Waziri kwa shahada zake zote. Akamsalimu naibu waziri, katibu mkuu, manaibu wa katibu mkuu, wakurugenzi, kamati ya ulinzi na usalama, viongozi wa dini waliofika na walioomba udhuru. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu kweli, kila jina liliwekwa mahali pake. Alikuwa amefika kwa maofisa tarafa, akivuta pumzi, ndipo kengele ikalia. Mzee alisimama kidogo na mdomo wazi. Akashuka akiiangalia mikono yake kana kwamba amedondosha kitu.

Nesi Asteria alikuwa ameona. Alipanda mbiombio na kusema itifaki imezingatiwa. Ukumbi ukaguna. Katibu wa wizara, mtu mpole sana, akainuka na kumwuliza kama angependa kuwafafanulia wananchi ni nani hasa aliyemzingatia, maana wapo waliotoka mbali. Nesi akaanza kufafanua. Hakufika hata kwa wakurugenzi. Msafiri wa bucha, baada ya kuyaona hayo, aliingiwa na hofu hata akawasalimu na viongozi waliokwisha kufariki, akaomba dakika ya kuwakumbuka, na dakika zake zikaishia kwenye ukimya.

Wakabaki watu wachache ambao Bi Zaituni hakuwajua, na wote wakasalimia. Baadhi yao walikuwa wamekuja kwa nia njema. Ilionekana usoni, jinsi walivyoharakisha, jinsi walivyotazama kengele.

Akaitwa yeye, mama mzazi.

Alipanda akiwa amelishika neno lake mdomoni kama pini za nywele. Alikuwa aseme: wimbo ule ni wa kweli, mwachieni. Ni pumzi moja tu. Akaushika mkonga wa kipaza sauti, akainua macho, na macho yake yakakutana na kidevu cha Waziri. Akawaza, huyu nisipomsalimu atakasirika, na hasira yake itamshukia nani kama si mtoto? Nimsalimu huyu mmoja tu. Akamsalimu. Pembeni yake akamwona naibu waziri anatabasamu, anangoja. Je, naibu akisema amedharauliwa? Akamsalimu na yeye. Katibu mkuu ndiye mwenye funguo za gereza, yeye ataachwaje? Mkuu wa polisi ndiye aliyemchukua Mwombeki bila kumpiga sana, huyo hata shukrani anastahili. Alisikia sauti yake mwenyewe ikienda, tamu, yenye mpangilio, haimrukii mtu, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokumbuka wengine. Alijua anachokifanya. Hakuweza kushuka njiani.

Kengele ilipolia alikuwa hajamaliza safu ya kwanza.

Katibu alisoma muhtasari. Wasikilizaji wote, alisema, wametoa maoni kwa uhuru. Wote wamemtambua Mheshimiwa Waziri kwa dhati. Hakuna aliyeitaja albamu kwa wema, na kwa kweli hakuna aliyeona hata haja ya kuitaja. Waziri alisimama, akasema serikali haimfungi msanii, inamlea. Kijana atakaa katika Chuo cha Itifaki, ambacho kwa sababu za bajeti kipo ndani ya gereza, mpaka atakapoweza kuwatambua viongozi wote wa Mwafaka kwa mpangilio bila kukosea. Ni somo la wiki chache tu kwa mtu mwenye akili. Hakusema kwamba viongozi hubadilishwa kila wanapokaribia kukaririwa.

Lilibaki neno la shukrani. Mshereheshaji, aliyeguswa na salamu za Bi Zaituni, akampa yeye. Neno la shukrani halina kengele katika Mwafaka, kwa kuwa wakati huo sufuria za pilau huwa zimekwisha kufunuliwa na hakuna anayesikiliza. Watu walikuwa wanainuka, viti vinakokotwa, sahani zinagongana. Bi Zaituni alisimama peke yake na kipaza sauti, na safari hii hakuona kidevu cha mtu, aliona migongo.

"Mimi muziki huu siupendi," alisema. "Unaniumiza kichwa. Lakini wimbo wa Utepe ni wa kweli, nilikuwapo. Mume wangu alikufa mbele ya mlango ulio wazi, watu wakisalimiana. Mtoto alipiga kelele tukamziba mdomo. Albamu hii ni kelele yake ileile, ameimalizia. Ni nzuri. Nasema ni nzuri. Mwachieni mwanangu."

Wale wanaolipwa kupiga makofi wakapiga makofi, maana neno la shukrani hupigiwa. Mwalimu Kitundu peke yake ndiye aliyekuwa amegeuka, sahani mkononi, na machozi yakamshuka juu ya pilau.

Bi Zaituni alimfuata Katibu kwenye foleni ya nyama, akamwambia kwamba maoni mema yamepatikana, ni moja, na sheria inataka moja. Katibu alimsikiliza kwa heshima zote. Alisema mama ameongea vizuri sana, amemgusa, ila zamu ya maoni ilikwisha kufungwa. Lile lilikuwa neno la shukrani, na kumbukumbu za kikao tayari zinaonyesha kwamba ameshukuru. Waziri, aliyekuwa jirani, alidaka maneno mawili matatu, akamshika mkono kwa mkono wake wenye mafuta, akampa pole kwa kufiwa na mume na kumwuliza kama msiba ni wa karibuni.

Miezi ikapita. Mwalimu Kitundu hakuja tena saluni, mkewe alikuja peke yake. Nesi Asteria alikuja, akalaza kichwa, akasukwa. Bi Zaituni aliomba kibali cha kumwona mwanawe, akakataliwa, akaomba tena, mpaka Chuo kikaona mwanafunzi amefikia kiwango cha kuonyeshwa kwa wazazi.

Walimleta akiwa amenyolewa, amevaa shati lililofungwa mpaka shingoni. Askari mmoja alisimama nyuma yake akitabasamu kama mwalimu siku ya kufunga shule. Bi Zaituni aliweka kiganja kwenye kioo.

"Mwanangu. Unakula?"

"Mheshimiwa Mkuu wa Gereza," alianza Mwombeki. "Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Gereza. Mkuu wa Chuo. Wakufunzi wa Chuo."

Sauti ilikuwa laini, imesuguliwa, haina changarawe hata moja. Bi Zaituni akamwambia ni yeye, mama, hana haja ya hayo. Akamwambia kwamba alisema, siku ile mwishoni alisema yote, na Mwalimu alimsikia. Kijana hakuacha. Macho yake yalikuwa kwenye kengele iliyokuwa mkononi mwa askari, na maneno yakaanza kwenda kasi, wakuu wa vitengo, wasaidizi wa wakuu wa vitengo, mganga wa gereza, kasi zaidi, mtunza stoo, kasi ya kufoka sasa, hakuna pumzi katikati, jasho linamtoka kwenye kipara. Ndipo Bi Zaituni alipofahamu kwamba hakuwa amepotea. Alikuwa anamkimbilia yeye. Mama ndiye aliyekuwa mwishoni mwa mpangilio, na kijana alikuwa anapita kwa hao wote ili amfikie kabla muda haujaisha.

Kengele ililia akiwa kwa wapishi. Walikuwa wamebaki walinzi wa lango la nje, kisha mama yake.